Mrejesho: picha kukatakata kwenye simuleta ya ndege ya VR

Wakuu, niliuliza nipunguze nini ili simuleta ya ndege isikatekate ndani ya miwani ya VR (uhalisia pepe) bila picha kuwa na ukungu. Aliyesema nishushe rizolusheni kwanza nione kama fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zitapanda, ubarikiwe. Hazikupanda hata kidogo! Maana yake kadi ya michoro ilikuwa inasubiri tu, mzigo wote uko kwa prosesa. Nikapunguza umbali wa kuchora mandhari kwa kina, pamoja na ndege nyingine za angani, mambo yakatulia.

Miwani yangu ni ya hezi 90 (picha 90 kwa sekunde), yaani kila fremu ina milisekunde 11 tu. Juu ya jiji kubwa hiyo ni ndoto, kwa hiyo nimefunga kwenye fremu 45 kwa sekunde na programu ya miwani inajazia fremu za katikati. Ukikata kona kwa kasi kingo za bawa hutetemeka, ila kichefuchefu kimekwisha. Rizolusheni nimeirudisha juu, kwani kusoma geji vizuri ndiyo raha yenyewe. DLSS (teknolojia ya Nvidia ya kuchora picha kwa rizolusheni ndogo kisha kuikuza) nimeizima: namba zilikuwa zinaacha kivuli, na fremu haikuniongezea. Helikopta bado sijaijaribu.