Mjadala: Tukijenga kinu cha nyuklia, nani ashike na kukagua fueli yake, sisi au aliyetuuzia?

Fundi wa Kizota:

Wakuu habari za mchana. Hii mada kila ikiletwa hapa Dodoma inaishia Bahi na Manyoni, mmoja anasema urani tunayo basi tujenge, mwingine anasema urani ina mionzi basi tusijenge, watu wanarushiana maneno mpaka jua linazama. Mimi swali langu liko kwingine. Mwaka 2025 Mrusi kazindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani kule Mkuju, Namtumbo, na umeme wa nyuklia unatajwa kila kukicha, sasa siku tukiamua kujenga kweli, kazi ya kuishika fueli na kuikagua tumuachie muuzaji mwanzo mwisho au vijana wetu wawemo humo ndani na wawe na mamlaka ya kusema simamisha?

Msimamo wangu nausema mapema, lazima wawemo. Mimi kazi yangu ni kupima welding za matenki na mabomba kwa ultrasoniki, unapaka jeli, unapitisha probu, unakodolea skrini, mwangwi ukirudi kabla ya wakati wake unajua humo ndani ya chuma kuna ufa. Na kwenye kazi hii aliyechomea hapitishi kazi yake mwenyewe. Hata awe fundi bora mkoa mzima.

Kwa wasiojua, hii fueli si ya kumimina. Ni vidonge vya oksaidi ya urani, kila kimoja karibu sentimita moja, vimepangwa ndani ya mrija wa aloi ya zirkoniamu, mrija una kama mita nne, unajazwa heliamu na kuchomewa ncha zote mbili. Kwenye vinu vya Kirusi vya VVER-1200 mirija 312 inafungwa pamoja inakuwa fungu moja la pembe sita, na kinu kinabeba mafungu 163. Fungu likiwa jipya unalikagua na glavu tu mkononi. Likishafanya kazi kinuni ukikaa nalo dakika chache bila kinga umekwisha, ndo maana kila kitu kinafanyika chini ya maji, mashine inashusha mlingoti, inakamata kichwa cha fungu, inalivuta taratibu huku mzani unasoma, uzito ukiruka ghafla ina maana limekwama mahali na mashine inajisimamisha yenyewe. Na lile kamatio limetengenezwa lisiachie mzigo unaoning'inia hata opereta akibonyeza kwa bahati mbaya.

Ukaguzi sasa, hapa ndo pananivutia mimi. Mrija ukitoboka unavujisha gesi, zenoni na kriptoni. Fungu likipandishwa kwenye maji shinikizo linapungua, gesi inachungulia kwenye tundu, wanaivuta na kuipima palepale kwenye mlingoti, kipimo hicho kwa Kiingereza kinaitwa "sipping". Kama fueli imetoka kinuni juzi unatafuta zenoni-133 ambayo nusu yake inaisha kwa siku tano na kidogo, kama imekaa bwawani miaka unatafuta kriptoni-85, hiyo nusu yake inachukua karibu miaka 11. Ukishalijua fungu lenye tatizo unapenyeza probu nyembamba ya ultrasoniki katikati ya mirija, ule ulioingia maji mwangwi wake unarudi dhaifu, umeshamkamata. Wanautoa wanaweka wa chuma mtupu mahali pake, fungu linarudi kazini. Na unajua mara nyingi kinachotoboa ni nini? Kipande cha waya tu kilichodondoka wakati wa matengenezo, kikanasa kwenye gridi, ule wavu unaoshikilia mirija isigusane, maji yakakitikisa miezi na miezi mpaka kikakata mrija. Ndo maana pale bwawani hata kalamu na miwani vinaandikishwa na kufungwa kamba.

Haya, karibuni.

Mkulima wa Zabibu:

Aisee umeandika gazeti. Mimi swali dogo, maji ya kupoza hicho kinu yatatoka wapi? Hapa mjini wenyewe tunategemea visima vya Makutupora na mgao tunaujua. Ongeeni ya Bwawa la Nyerere, megawati 2,115 zile, zinifikie kwanza kwenye pampu yangu.

Fundi wa Kizota:

Mkuu hakuna aliyesema kijengwe Dodoma, mimi naongelea kinu popote nchini. Hapa kwetu hakikai kwa sababu hiyohiyo ya maji.

Mhasibu Area C:

Fundi nakuheshimu ila hapa unatumia moyo. Kinu kinasimama kubadilisha fueli kila miezi 12 hadi 18 hivi, kazi ni ya wiki chache, na mara nyingi inabadilishwa kama theluthi moja tu ya mafungu. Sasa utaajiri timu nzima ya ukaguzi, uwanunulie mashine na kamera zinazovumilia mionzi, uwalipe mwaka mzima wasubiri hizo wiki? Wenzetu wenye vinu vingi wenyewe wanakodi timu zinazozunguka, leo ziko nchi hii kesho ile, zimeona mafungu mengi kuliko mtanzania yeyote atakavyoona maisha yake yote. Halafu kuna dhamana. Kijana wetu akigusa fungu akalipinda, muuzaji anakwambia mliligusa wenyewe, hasara yenu. Bora uzembe uwe wake na bili iwe yake.

Fundi wa Kizota:

Bili iwe yake? Haya nenda Paks, Hungaria, Aprili 2003. Mafungu yao yalikuwa yameshika utando wa kutu, wakaita kampuni ya nje iyasafishe ndani ya tanki lililozamishwa majini, mafungu 30 kwa mkupuo. Usafishaji ukaisha vizuri ila kreni ilikuwa na shughuli nyingine, ikabidi fueli ibaki mle tankini ikipozwa na pampu ndogo. Maji yakawa yanapita pembeni badala ya kupanda kati ya mirija, mvuke ukajaa, fueli ikapata joto kupita kiasi. Usiku kifuniko kinafunguliwa, maji baridi yakaingia kwa kishindo, mirija ikapasuka. Yote 30 yakaharibika, tukio likapewa daraja la 3 kwenye ile ngazi ya kimataifa yenye madaraja 7. Mionzi iliyotoka nje ilikuwa kidogo, Mungu saidia, ila kinu kilikaa zaidi ya mwaka bila kuzalisha. Na wataalamu wa IAEA, lile shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, walipokuja kuchunguza walisema wazi, wenye mtambo na msimamizi wao wa serikali walimtegemea mno mkandarasi. Na hao ni wahungaria, walikuwa wameendesha vinu miaka 20! Hakuna aliyekaa akapiga hesabu ya mkandarasi upya akauliza hii pampu ndogo ikibaki peke yake itakuwaje.

Kwa hiyo mkuu mimi sijasema tununue mashine zote. Kodi timu, sawa. Ila wa kwetu asome ile data mbichi mwenyewe, asiletewe ripoti iliyopigwa muhuri asaini.

Ticha wa Ng'ong'ona:

Naomba niingie. Mnachanganya watu wawili, mwendeshaji wa kinu na msimamizi. Msimamizi kwetu ni TAEC, yaani Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ipo kisheria tangu 2003, na huyo hata iweje hawezi kukodishwa kutoka kwa muuzaji. Mhasibu hoja yako ya gharama inafaa kwa mwendeshaji, kwa msimamizi haifai kabisa.

La pili, waafrika hawaanzi sifuri. Ghana walikuwa na kinu kidogo cha utafiti chenye urani iliyorutubishwa sana, wakakitoa kiini kizima wakakirudisha China 2017 na kuweka kingine cha urutubishaji mdogo, Nigeria wakafuata 2018. Waghana walifanya mazoezi kwa kiini bandia kabla ya kugusa cha kweli, na wanijeria wakaenda kujifunza kulekule Ghana. Vijana wetu waende huko, na Koeberg Afrika Kusini ambako wanabadilisha fueli tangu miaka ya themanini.

Na kukagua siyo matundu tu jamani, ni kuhesabu pia. Kila fungu lina namba kichwani, likishapangwa kinuni kamera inapita juu inasoma namba moja moja. Jirani zetu Kinshasa walipoteza fimbo mbili za fueli za kinu chao cha utafiti, moja ikaja kukamatwa Italia 1998. Ya pili mpaka leo.

Mzee wa Bahi:

Wanangu mnaongea vizuri. Huku kwetu walikuja watu wa utafiti wakachimba vishimo karibu na mashamba ya mpunga, wakachukua udongo na maji kwenye vichupa, wakaondoka. Majibu hatujayaona. Sasa kama maji ya mbuga hatuambiwi yana nini, hiyo fueli iliyo ndani ya jengo la zege mtaambiwa na nani?

Fundi wa Kizota:

Shikamoo mzee wangu. Umesema kuliko bandiko langu lote. Ndo hicho ninachokipigia kelele, mwenye kipimo asiwe mwenye mali peke yake, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili.

Mzee wa Bahi:

Marahaba. Ila ubao wa ofisi ya kijiji tunao siku nyingi, karatasi ndiyo haiji.

Mhasibu Area C:

Ticha kwa msimamizi nimekuelewa, hapo sibishi. Ila Fundi hujajibu suala la pesa. Kinu kikisimama siku moja zaidi ni hasara kubwa sana, sasa mkaguzi wetu ana miaka mitatu kazini, kile kipimo cha "sipping" kimesoma gesi kidogo, timu ya muuzaji inasema fungu ni zima rudisha ndani, yeye anasema hapana. Nani anabeba hizo siku?

Fundi wa Kizota:

Aliyeuza fueli, mpaka athibitishe kwa kipimo cha pili kwamba haivuji. Iandikwe kabla ya kusaini, maana baada ya hapo hatusikilizwi tena.

Mhasibu Area C:

Nitajie muuzaji mmoja atakayekubali hicho kifungu.

Mkulima wa Zabibu:

Ashindwe kukubali kwani ndiye peke yake sokoni? Wafaransa wapo, wakorea wapo, wachina wapo. Washindanisheni. Ila maji bado hamjanijibu.