Mjadala: Baba asiyemuoa mama aandikwe kwenye cheti cha mtoto, na aandikwe kwa nguvu gani?

Mfungua mjadala, Mjini
Assalaam alaykum. Suala hili linazungumzwa barazani nusu nusu, leo tulizungumze zima. Mwanamme hakuoa, mtoto kazaliwa, na mwenyewe anakubali kuwa ni damu yake. Rai yangu ni kwamba akikubali kwa hiari, sheria imtambue kuwa baba kamili: jina, matunzo, malezi na mirathi. Sheria ya Mtoto ya bara, ya 2009, inaruhusu mahakama iombwe itamke nani mzazi, hata kabla mtoto hajazaliwa. Kwa nini huku kwetu Zanzibar mtoto abebe kosa asilolitenda?

Wakili, Vuga
Waalaykum salaam. Hilo la bara ndilo linalowapoteza wengi. Sheria ya Mtoto ya 2009 na Sheria ya Ndoa ya 1971 hazitumiki Zanzibar. Sisi tuna Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011, Sheria ya Mahakama ya Kadhi Na. 9 ya 2017, na ile Na. 4 ya 2005 iliyotungwa kuwalinda wari (wanawake wasioolewa) na watoto wa mzazi mmoja. Kabla ya hiyo, sheria ya 1985 ilikuwa ikimfunga jela mwari aliyepata mimba. Ya 2005 ikaondoa kifungo ikaweka kazi za jamii. Kwa hiyo tusiseme huku hakujabadilika kitu.

Kosa la pili ni la mlango. Mama anapeleka dai la matunzo kwa kadhi, anakaa miezi, mwisho anaambiwa hakuna nasaba, yaani ukoo wa upande wa baba unaotambuliwa na dini, na kwa hiyo hakuna matunzo. Kadhi hakumwonea, hiyo ndiyo fiqhi (sheria ya dini) anayoihukumia. Dai la matunzo ya mtoto wa nje lipelekwe mahakama ya watoto, chini ya sheria ya 2011, na kabla ya hapo lipite kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya.

Msaidizi wa sheria, Wete
Naunga mkono, na niongeze yanayoharibika njiani. Mama anafika mikono mitupu. Achukue kadi ya kliniki, karatasi ya uzazi ya hospitali na barua ya sheha, kiongozi wa serikali mtaani. Kama mwanamme alikuwa akituma pesa kwa simu, asifute ujumbe hata mmoja: tarehe, kiasi na namba iliyotuma ni ushahidi unaozungumza wenyewe. Anayelipa naye ajilinde. Pesa ya mkononi isiyo na saini huja kukanwa, na mahakamani hana la kuonesha. Walipane mbele ya ofisi ya ustawi au kwa simu, basi.

Kuhusu cheti, jina la baba lisiandikwe kwa kauli ya mama peke yake. Waende wote wawili kwa msajili, kila mmoja na kitambulisho chake, na mwanamme atie saini mwenyewe. Jina lililoingizwa bila mwenyewe kuwapo ndilo linalokuja kuwapiganisha watu msibani.

Kwa hivyo kuandikwa kwa ridhaa mimi nakubali bila shaka yoyote. Mtoto anayefika skuli na nafasi tupu kwenye cheti anaulizwa maswali ambayo si ya umri wake.

Ustadh wa faraidhi, Chake Chake
Jina sina ugomvi nalo sana. Ugomvi wangu ni neno "mirathi" lililopachikwa mwishoni kama kwamba ni jambo dogo. Mtume (s.a.w.) amesema mtoto ni wa tandiko, yaani wa mwenye ndoa, na mzinifu ana jiwe, yaani hapati kitu. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu visiwani, mtoto wa zinaa anarithiana na mama yake na jamaa wa mama tu.

Ila watu huwatia watoto wao kwenye hukumu hii bila ya sababu. Kwanza hesabuni miezi. Mtoto aliyezaliwa baada ya miezi sita ya mwezi mwandamo tangu wanandoa kukutana ni wa mume. Wakioana na kukutana mwanzo wa Rajabu, atakayezaliwa Mfungo Nne (Muharram) ni wa ndoa, na hakuna wa kumhoji, hata majirani wakihesabu vidole. Miezi sita hiyo imetolewa kwenye Qur'ani: kubeba mimba na kuachisha ziwa miezi thelathini, na kunyonyesha miaka miwili. Pili, ndoa iliyoharibika sharti bila wenyewe kujua, nasaba inathibiti. Tatu, kuna ikrari, yaani kukiri: mtu anasema huyu ni mwanangu, mtoto hajulikani kuwa na baba mwingine, umri unawezekana, na akiwa baleghe naye akubali. Lakini akitamka kwamba amemzaa kwa zinaa, ikrari hiyo haimthibitishii nasaba.

Mfungua mjadala, Mjini
Ustadh, maulamaa wa zamani Ibn Taymiyya na Ibn al-Qayyim wamesema kama mama hana mume na mwanamme amemdai mtoto, aunganishwe naye. Na sasa kuna kipimo cha vinasaba: mate ya shavuni ya watu wawili, na jibu linapatikana. Tunangoja nini?

Ustadh wa faraidhi, Chake Chake
Kauli hiyo ipo, na kabla yao ilikuwa ya Is-haq bin Rahuya. Siidharau. Lakini hiyo ni rai ya kupelekwa kwa makadhi na maulamaa wakakaa nayo, si ya kupenyezwa kwa saini ya karani wa vyeti. Na kipimo kinaeleza damu tu. Baraza la Fiqhi la Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu), Makka, 2002, lilikataa kitumike kuvunja nasaba iliyokwisha thibiti.

Anayempenda mwanawe ana njia leo hii. Kwa kuwa si mrithi wake, anaweza kumuusia mpaka thuluthi ya mali bila kuomba ruhusa ya warithi. Aandike, aweke mashahidi, na nakala isikae kwake peke yake. Au ampe hiba, yaani zawadi ya mali, angali hai. Hapo pana shimo: mtu anaandika hiba ya shamba la mikarafuu, kisha msimu hata msimu anachuma mwenyewe, anaanika mwenyewe, anauza mwenyewe mpaka anakufa. Hakuna kukabidhi, kwa hiyo hiba haikutimia, na shamba linarudi kwenye mirathi. Mtoto mdogo wa ndoa babake humpokelea. Huyu wa nje hana walii (msimamizi wa kisheria) upande huo, basi kadhi aombwe amteue wa kupokea.

Wakili, Vuga
Hilo la kukabidhi liandikwe kwa wino mzito. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ikianza kugawa mirathi, karatasi isiyofuatana na makabidhiano haisimami mbele ya warithi.

Msaidizi wa sheria, Wete
Nina swali la mwisho kwa ustadh. Mtoto ni wa kike, cheti kina jina la baba. Siku ya ndoa nani anaozesha?

Ustadh wa faraidhi, Chake Chake
Kadhi, kwa kuwa hana walii wa nasaba. Na hii ndiyo hofu yangu kubwa na vyeti hivi: yule bwana atakuja na cheti mkononi, aozeshe, na nikahi ifungwe bila walii wake wa haki.

Msaidizi wa sheria, Wete
Na tukiweka alama kwenye cheti, tumempiga mtoto chapa mpaka anakufa. Habari hiyo ibaki kwenye daftari la msajili, ionekane kwa kadhi tu anapoiomba kabla ya kufungisha ndoa.

Ustadh wa faraidhi, Chake Chake
Kwa sharti hilo, jina nalikubali. Mirathi bado sijaikubali.