Naomba ushauri: nisaini kwamba kijiji kizima kina vyoo bora?

Mtendaji_Mgeni: Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mtendaji wa kijiji, bado mgeni kituoni. Halmashauri yetu imo kwenye ule mpango wa lipa kwa matokeo wa maji na usafi wa mazingira vijijini. Vyoo visipoonekana, hela hazishuki. Sasa nimeletewa fomu nisaini kwamba kaya zote zina vyoo bora. Kitongoji cha bondeni ni kichanga kitupu, masika yamebomoa mashimo, wengine wamezungushia magunia tu. Nikigoma naambiwa naiangusha wilaya. Nikisaini, jina ni langu. Nifanyeje?

Kipara: Saini mkuu, uishi. Hela yenyewe huko kijijini hutaiona.

Afya_Kata: Kipara, unamponza mwenzio. Ule ni mkopo wa Benki ya Dunia wa 2018, dola milioni 350, na unatoka matokeo yakishathibitishwa na mhakiki huru. Kwetu walipokuja hawakuishia ofisini. Waliteua kaya, wakaingia hadi chooni: sakafu inasafishika? Tundu lina mfuniko? Mlango, paa, maji na sabuni vipo? Pita na wenyeviti wa vitongoji, andika kwenye rejista choo bora, cha asili, au hakuna. Fomu ijazwe kwa hesabu hiyo, isindikize na barua, nakala ubaki nayo.

Mjumbe77: Ongeza safu ya "kinatumika?". India, kati ya 2014 na 2019, serikali ilitoa rupia 12,000 kwa kila choo cha kaya iliyostahili, na bado vingine viliishia kuwa stoo.

Mama_Kikoba: Mnaongea fomu tu. Halmashauri inalipwa baadaye, sawa, lakini bibi wa bondeni saruji ya leo anaitoa wapi? Sisi tulikopeshana kwenye kikoba, tukajenga kwa zamu. Kwenye mchanga shimo lijengewe tofali ndani mpaka juu ya usawa wa ardhi, la sivyo masika ijayo mnaanza upya. Na kwenye mkutano wa kijiji mwulizeni diwani: hela za matokeo yaliyopita zilifanya nini?

Kipara: Hapo kwa diwani nakuunga mkono, mama.

Mtendaji_Mgeni: Asanteni sana. Afya_Kata, barua nimpe afisa afya wa wilaya mkononi?

Afya_Kata: Hapana, ipitie masjala. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.