Madaftari ya marehemu bibi: niendelee kuyarusha kwenye kundi la ukoo au niyarudishe sandukuni?

Mjukuu wa Mwembeni

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za humu. Nina jambo limenikaba.

Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka jana, kwetu Pangani. Kwenye kugawana vitu, wenzangu walichukua kinu, mbuzi ya nazi na sinia la shaba. Mimi nikaangukiwa na sanduku la bati la uvunguni, kwa sababu hakuna aliyelitaka. Nikalifungulia Mbagala, kwangu. Ndani madaftari thelathini na moja ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma, yamefungwa mafungu kwa kamba ya usumba. Mawili yameliwa na mchwa, mengine salama.

Bibi alikuwa muuza vitumbua. Shule hakusoma, kuandika alijifunza ukubwani kwenye darasa la kisomo, na nikitazama tarehe naona tangu ajue kuandika hakupitisha siku. Msitegemee siri za moyo. Ni mistari miwili mitatu: mvua, vitumbua vingapi, nani kaja, nani kaondoka. Mwanzoni maneno anayaunganisha, "Leomvua tanguasubuhi", hadi usome kwa sauti ndipo uelewe.

Nikaanza kuandika upya kwenye simu na kurusha ukurasa mmoja kila usiku kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Tuko arobaini na tatu. Kundi ambalo lilikuwa la matangazo ya michango na picha za "asubuhi njema" likafufuka. Nikarusha huu wa 1984:

"Jumanne. Mvua. Vitumbua 60, vimeuzwa 41. Vilivyobaki wamekula watoto. Mume wangu kaota jino."

Binamu yangu aliyeko Maskati akauliza, kwani babu alikuwa kibogoyo? Mama mdogo akacheka kwenye ujumbe wa sauti dakika nzima ndipo akasema: mume wake ni huyo huyo anayewarushia, alikuwa na miezi saba. Nimefikisha umri huu sikujua kwamba jino langu la kwanza limeandikwa mahali, tena chini ya hesabu ya vitumbua.

Siku nyingine nikarusha wa Aprili 12, 1984, siku aliyokufa Waziri Mkuu Sokoine: "Redio usiku. Sokoine kafa kwa ajali huko Morogoro. Watu wako barazani hawasemi. Mchele nishauloweka. Sijui kesho nani atanunua." Hapo wazee walijitokeza ambao hawajawahi kuandika neno. Mjomba mkubwa akasimulia alivyotumwa kwa jirani kuongeza sauti ya redio, akakuta yule jirani, mwanamume mzima, analia ameegemea baiskeli. Mama yangu akaandika kifupi tu: "Kesho yake tulikula vitumbua mchana na usiku."

Sasa balaa. Madaftari ya miaka hiyo yana kurasa za Ijumaa ambazo siyo kama nyingine. Majina kumi yamepangwa wima, mbele ya kila jina alama ya vema, na jina moja limezungushiwa duara. Wiki inayofuata duara liko kwenye jina la chini yake. Bibi haandiki majina halisi, anaandika Mama Kivukoni, Mama Mabati, Mke wa Seremala. Mimi nikajua ni wateja wanaodaiwa vitumbua. Nikarusha ukurasa ulioandikwa juu yake "mfungo saba" (na nikauliza kwa mzaha bibi alikuwa anafunga siku saba za nini), chini ikisomeka:

"Mama Kivukoni hajatowa. Ya tatu hii. Nimemwendea."

Hilo neno la mwisho lina doa la mafuta, ndivyo nilivyolisoma.

Sikujua kwamba Mama Kivukoni ni mama yake mzazi mkaza mjomba. Yeye alijua. Alikaa kimya siku nzima, jioni akaandika: "Ahsanteni kwa kumtangaza marehemu mama yangu kuwa mdaiwa sugu mbele ya watoto." Akajitoa kundini. Mjomba naye akajitoa. Mama yangu ananiambia nifute, mama mdogo anasema nisifute, hayo ni maneno ya mama yao. Nina madaftari ishirini sijayagusa.

Niendelee? Nirushe yote, au niwe nachuja? Na zile tahajia zake, nizisahihishe ili vijana wasome kirahisi?

---

Chizi Mpole

Kaka, ulivyoona jina la mtu na neno "hajatowa" kwenye mstari mmoja, kidole kilikwendaje kwenye kitufe cha kutuma? Pole lakini. Jino lako nimelipenda.

---

Mwalimu wa Zamani

Marahaba mjukuu. Nilifundisha kisomo miaka ya sabini, mkoa wa Dodoma, kwa hiyo hayo maneno yaliyoungana nayajua kama sura za watoto wangu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, nasi tukaingia vijijini. Tulifundisha kwa silabi, ba be bi bo bu, jioni, kina mama wakitoka shamba na watoto mgongoni. Mtu aliyejifunza hivyo anaandika anavyotamka, na anapotamka "leo mvua" hapumui katikati. Agosti 1975 tukawapima nchi nzima. Bibi mmoja alikataa kunipa karatasi ya mtihani kwa sababu alitaka kwenda nayo nyumbani akamwonyeshe mumewe. Nilimwachia, nikaenda kujieleza wilayani.

Kwa hiyo usisahihishe. Rusha picha ya ukurasa, na chini yake maandishi yako ukitenganisha maneno kwa ajili ya hao vijana. Mwandiko wenyewe ni cheti chake.

Halafu hilo doa. Umesema "ndivyo nilivyolisoma", na kwenye ujumbe wa kundi hukusema kuna doa. Hapo umekosea, mjukuu. Panapokosekana herufi weka nukta, usiweke neno lako. Fanya hivi: subiri giza, laza daftari mezani, washa tochi ya simu uilaze ubavuni mwa karatasi, si juu yake. Wanafunzi wetu walikuwa wanakandamiza kalamu kama wanachonga mtumbwi. Wino ukifichwa na mafuta, mfuo unabaki. Kisha geuza ukurasa utazame kwa nyuma, karatasi iliyokunywa mafuta huonyesha upande wa pili.

Na usije ukazipeleka kurasa hizo kubandikwa plastiki za moto kama vyeti. Zipige picha mchana kivulini, madaftari yakae kwenye bahasha za karatasi mbali na dari la bati.

---

Kijumbe wa Tandika

Mwanangu Mwembeni, nimesoma nikajikuta nacheka peke yangu dukani. Majina kumi, kila Ijumaa, vema, duara linashuka jina moja kila wiki. Mwanangu, huo ni upatu! Bibi yako alikuwa kijumbe, mchezeshaji wake.

Mimi nacheza na kuchezesha mwaka wa kumi na tisa huu, daftari langu liko hivyo hivyo, isipokuwa mimi naweka nyota badala ya duara. Mwenye duara ndiye mwenye zamu, anapokea za wote. Mwenye vema katoa. Asiye na vema hajatoa, na halidai genge la vitumbua, unadai mchezo.

Sasa sikiliza vizuri. Ijumaa ikifika, mwenye zamu anataka zake zikiwa kamili. Ana bati za kununua, ana mtoto wa kutahiri, hataki kusikia fulani hakutoa. Hapo anayetazamwa ni kijumbe. Mmoja akikwama, kijumbe anafungua pindo la khanga yake anatia, watakwenda kuelewana wenyewe baadaye. Nimetia mara nyingi, wengine wamenirudishia, wengine tunasalimiana tu.

Ndiyo maana hilo "nimemwendea" silikubali. Kumwendea mtu kijumbe haandiki, anakwenda. Daftari ni la hela. Nenda kaangalie tena kama alivyosema mwalimu.

Na mfungo saba siyo kufunga siku saba, jamani! Ni mwezi. Ukitoka Ramadhani unahesabu mfungo mosi, mfungo pili, mpaka mfungo tisa, halafu Rajabu, Shaabani, Ramadhani tena. Maulidi ya Mtume ni mfungo sita. Wewe ni mtu wa Pangani kweli?

---

Msafiri Kimya

Mimi nitakuwa tofauti na wenzangu. Bibi aliandika kwa matumizi yake, akafunga kwa kamba, akaweka uvunguni. Watu arobaini na tatu hakuwaandikia. Hata kama huo ni upatu, upatu nao una siri zake: nani alikwama, nani alipokea mapema kwa kuombewa. Kurasa za Ijumaa ningeziacha kabisa. Jino na mvua endelea navyo.

---

Kijumbe wa Tandika

Msafiri, hapo una hoja, daftari langu mimi nimeshawaambia wanangu walichome. Lakini huyu neno ameshalirusha. Alilolirusha kwa makosa halisafishiki kwa kunyamaza.

---

Mjukuu wa Mwembeni

Nimerudi, siku ya tano leo. Samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa naona aibu.

Usiku ule ule wa jibu la mwalimu nilizima taa, nikalaza tochi ubavuni. Doa ni kubwa kama kitumbua chenyewe. Mwanzo "nimem" unaonekana, mwisho "ea" unaonekana. Katikati nilikuwa nimejaza mwenyewe. Kwa mwanga wa pembeni ikatokea kichwa cha "t" chenye mkasi mrefu, halafu "o", halafu "l" imesimama kama nguzo. Nikageuza nyuma nikaona vile vile, kinyume.

"Nimemtolea."

Nikarudi nyuma Ijumaa mbili ambazo nilizipita kwa sababu niliona zinafanana. Ya kwanza: "Mama Kivukoni hajatowa. Mumewe yuko Bombo. Nimemtolea 20." Ya pili: "Mama Kivukoni bado yuko Bombo na mgonjwa. Nimemtolea." Yaani alikuwa Tanga hospitali anauguza mumewe, na bibi anatoa zake kwenye vitumbua wiki tatu mfululizo ili jina lisiruke. Nikaangalia hesabu za wiki hizo. Vitumbua vilipanda kutoka 60 hadi 90 kwa siku, na kuna mstari unasema "mkono unauma wa kinu".

Mama mkubwa, ambaye hayumo kundini kwa sababu simu yake ni ya vitufe, nilimpigia kuuliza kama bibi alikuwa kijumbe. Akasema, "Kwani hukujua? Ndiyo maana tulikuwa hatuguswi sokoni."

Jumamosi nikaenda kwa mjomba Temeke, na daftari lenyewe kwenye bahasha. Sikutaka kutuma picha. Mkaza mjomba alinikaribisha kwa chai na uso wa mtihani. Nikamwambia: mkaza mjomba, neno lile silo la bibi, nililitunga mimi. Nikamwekea ukurasa, nikawasha tochi. Alivaa miwani, akasoma yeye mwenyewe kwa kidole, herufi moja moja. Alipofika kwenye Bombo akanyamaza. Baba yake hakurudi kutoka huko. Alikuwa na miaka kumi na moja, alibaki kwa bibi yangu wakati ule na hakuna aliyemwambia habari ya hela. Anachokumbuka yeye ni kwamba alipewa kazi ya kukoroga unga, na kwamba alikuwa akila kitumbua cha kwanza kutoka chunguni, kile ambacho huwa kinaharibika.

Mjomba amerudi kundini. Mkaza mjomba amesema yeye atarudi akijisikia, nami sikumsukuma. Nimeandika kundini kwamba nilisoma vibaya, na hilo neno nimelitaja. Kurasa za Ijumaa sitazirusha tena, Msafiri. Nitampelekea kila mwenye mtu wake mkononi, nikimpata.

Wakati naaga, mkaza mjomba akauliza kama mama yake alipata zamu. Nilikuwa nimeshaitafuta, wiki ya saba. Tukasoma pamoja mlangoni:

"Duara Mama Kivukoni. Kapokea zote 200. Jioni kaleta changu wawili wakubwa. Nimesema sitaki malipo. Kawaacha mlangoni kaondoka. Tumewala."