Tupeane uzoefu: mahali ulipokulia palikulea vipi?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Tangu nilipohamia mjini nimekuwa nikiwaza namna ardhi na bahari zilivyotupangia nyendo zetu, hata zile tunazozidhani kuwa ni tabia zetu wenyewe. Naomba kila mmoja aeleze aliyoyaona kwa macho yake.

Mimi ni mzaliwa wa Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja. Nyumbani kwetu hatukuulizana saa, tuliulizana maji. Kwa kuwa bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50, kazi za mama hazikuwa na saa maalumu. Siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana kwenye saa nne za asubuhi, na hapo wanawake wa mtaa wetu walikuwa pwani wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi. Maji mafu yakiingia, yaani siku ambazo bahari haipwi sana, ndipo tulipokwenda kuzuru wagonjwa na kusuka ukili. Posa ya dada yangu ilisogezwa mbele kwa siku sita kwa sababu ya bamvu, na wala hakuna aliyeona ajabu.

Kilimo hicho cha mwani kilianza kibiashara katika pwani yetu ya mashariki mwaka 1989. Bibi yangu alinisimulia kwamba kabla ya hapo alingoja fedha ya matumizi kutoka kwa mume aliyekwenda kuvua. Mama alikuwa na daftari lake mwenyewe, akanunua mabati ya nyumba, na baba akaanza kumtaka shauri kabla ya kuuza ng'ombe. Nadhani hilo ndilo lililonifanya mimi niweze kusema mbele ya wanaume kazini.

Kutoka Wete:
Waalaykumu salaam dada yangu. Kwetu Pemba ni vilima, mvua na mikarafuu. Wazee walitueleza kuwa tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na kwa kuwa Pemba haikuguswa sana, ndiyo iliyobeba zao hilo tangu hapo. Msimu ukifika, jioni tulikaa majamvini, wakubwa na wadogo, tukichambua karafuu na kutenga makonyo, yaani vijiti vyake, huku tukisimuliana hadithi, na nyumba iliyozidiwa na mzigo ilisaidiwa na majirani bila ya kuomba. Karafuu zikinyeewa zinapokaushwa hushuka daraja, kwa hiyo wingu likitanda kila mtu hukimbilia jamvi lililo karibu naye, liwe lake au la mwengine. Nilikwenda na mwendo huo Dar es Salaam. Siku moja mvua ilianza, nikazianua nguo za jirani na kuziweka barazani kwake zikiwa zimekunjwa, naye aliporudi akaniuliza nilikuwa natafuta nini kwenye kamba yake. Niliumia sana. Baadaye nilifahamu kwamba yeye alilelewa mahali ambapo mkono wa mtu usiyemjua haugusi kitu chako, na kwamba sote wawili tulikuwa tukitii malezi.

Kutoka Mji Mkongwe:
Nyumba tuliyokulia ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake ilibebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo ni fupi, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu lakini vyembamba. Ukumbi wa kupokea watu wengi haukuwapo, na stara ya wanawake ilitakiwa ihifadhiwe, hivyo baba alipokea wageni wake kwenye baraza ya nje, kwa kahawa na kashata. Mimi nilijifunza siasa, dini na adabu ya kusikiliza nikiwa nimekaa pembeni ya baraza hiyo. Tulifunzwa pia kupunguza sauti, kwani dirisha la jirani liko upande wa pili wa kichochoro. Sasa nimejenga Tunguu, nje ya mji, nyumba ina ukuta na geti, na kwa mwaka mzima sikumjua jirani hata mmoja. Nikamwita fundi anijengee baraza nje ya ukuta. Wiki ya pili wazee wawili walikuja kukaa, na bao likaletwa.

Kutoka Nungwi:
Kwetu ni upepo. Kusi, upepo wa kusini, likivuma kwa nguvu wavuvi hawatoki, na hata mipango ya madeni hubadilika, na mwenye duka anafahamu.

Kutoka Jambiani:
Dada wa Paje, nakuongezea. Ule mwani wa kotonii, wenye bei nzuri zaidi, umekuwa ukifa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu yamezidi kupata joto, nasi tukashauriwa tuufuate kwenye kina kirefu. Wengi wetu hatukujua kuogelea, maana kwetu mwanamke aliingia baharini kwa miguu, maji yakipwa, na akatoka kwa miguu. Nilijifunza nikiwa na miaka 41, nikiwa na nguo zangu za stara. Mama mkwe alinikataza siku ya kwanza, akisema maji ya kifuani ndiyo mpaka wa mwanamke. Msimu uliopita alikuja kwangu baada ya swala ya alasiri, akaniomba nimchukue binti yake mdogo nikamfundishe.