Pikipiki ya Triumph ya 1968 inazima umeme wote ghafla, halafu unarudi wenyewe. Naombeni ushauri

ChumaKikuukuu: Wakuu, heshima kwenu. Nina Triumph Bonneville ya 1968, volti 12. Nikiwa barabarani umeme wote unakata: taa, honi, cheche za plagi. Mara unarudi wenyewe. Nikiifikisha kwa fundi inaunguruma kutwa nzima bila kukohoa. Betri mpya, ikipumzika inasoma 12.6. Fyuzi nzima. Waya wa hasi wa betri nimeukaza pale unapofungwa kwenye fremu. Jana imenizimikia katikati ya makutano, lori liko nyuma yangu. Nataka kung'oa waya zote niweke seti mpya. Swali ni moja tu: seti ya aina gani?

MzeeWaKiki: Kijana, vyombo vya zamani vinataka subira. Yangu ilinitesa hivyohivyo, kumbe fyuzi ya kioo ilikuwa nzima kwa macho lakini kofia yake ya chuma imelegea, ukiitikisa inakata. Siku hiyo nilikuwa nimempakia shemeji yenu. Tulisukuma mpaka jua likazama. Hajapanda tena hadi leo.

DadaSpana: Usinunue kitu kwanza. Kila kitu kikizima kwa pamoja, tafuta pale umeme wote unapopita: swichi ya funguo, kishikio cha fyuzi, au athi, yaani njia ya umeme kurudi betrini kupitia fremu. Washa injini, kata usukani kulia na kushoto, tikisa funguo. Inasemaje?

ChumaKikuukuu: Swichi nilishabadilisha. Nikikata kushoto taa inafifia, ila si kila mara.

SalamaKwanza: Uza hiyo pikipiki, ndugu yangu. Ikishakuzimikia mbele ya lori unangoja nini tena? Una watu wanaokutegemea.

DadaSpana: Kabla haijaanza ugonjwa huu, kuna kilichofunguliwa?

ChumaKikuukuu: Hilo halihusiani, dada. Nauliza seti ya waya.

DadaSpana: Nami nauliza tena, kaka. Kuna kilichofunguliwa?

ChumaKikuukuu: Haya. Fremu ilipigwa rangi upya, ile ya unga inayochomwa kwenye oveni. Imetoka inang'aa mpaka unajiona uso. Tatizo lilianza baada ya kuiunga. Lakini rangi haiwezi kukata umeme, na sitaki mtu anisogezee msasa pale. Halafu seti yenyewe nimeshaitangulizia nusu ya hela.

DadaSpana: Fremu ndiyo njia ya umeme kurudi betrini. Rangi ya unga ni plastiki, haipitishi. Umeme wako sasa unajipenyeza kwenye nyuzi za bolti tu, na ule wa taa ya mbele unapita kwenye gololi za shingo ya usukani, zilizojaa grisi. Ndiyo maana ukikata kona taa inafifia. Funga seti mpya kwenye fremu hiyohiyo, itazima vilevile.

MkaguziMkuu: Wakuu, ngojeni kidogo. Triumph ya 1968 kutoka kiwandani inafunga CHANYA ya betri kwenye fremu, si hasi. Ukigeuza betri na diodi ya zena ya kiwandani, ile inayozuia volti zisizidi, bado ipo, inapitisha umeme moja kwa moja na fyuzi inaungua papo hapo. Yeye anasema fyuzi nzima! Huyu hana pikipiki, ana picha yake ukutani.

KobeKasi: Nami lile lori lilinitia shaka. Leta picha, mkuu.

MzeeWaKiki: Na mimi nimemsimulia habari za mke wangu!

ChumaKikuukuu: Mnanionea. Aliyeniuzia ndiye aliyeigeuza. Diodi aliitoa, akafunga kiboksi kimoja chenye rektifaya na regyuleta, vya kunyoosha na kudhibiti umeme wa kuchaji betri. Injini ikienda, betri inapanda hadi volti 14. Nitunge uongo ili nipate nini?

MkaguziMkuu: Kama kiboksi kipo, nimekuelewa. Ungeanza na hilo.

DadaSpana: Mita itamaliza ubishi. Iweke kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine iguse chuma kitupu cha injini. Washa taa kubwa. Ikizidi 0.2 athi ni mbovu. Rudia kwenye kopo la taa ya mbele.

ChumaKikuukuu: Nimetoka kupima. Injini 1.4. Kopo la taa linacheza, nikikata kushoto linafika 3.

DadaSpana: Volti 3 kati ya 12 zinapotelea kwenye grisi. Na fremu yako haihitaji msasa. Vuta waya mnene kutoka hasi ya betri mpaka bolti ya injini, tawi moja liende kopo la taa, jingine kwenye kiboksi. Pale shingoni uache ulegee kidogo usije ukakatika ukigeuza usukani. Rangi yako itabaki vilevile.

MzeeWaKiki: Na kofia za fyuzi uzikague.

ChumaKikuukuu: Naingia gereji sasa hivi. Ila seti nitaichukua tu, hela imeshatoka.

DadaSpana: Ichukue, uiweke stoo. Funga waya wa athi kwanza, upime upya, utuletee namba.