Kamera ya tumbo: kwa nini kipimo kimoja ni kufunga tu, kingine ni kuharisha usiku kucha?

Mdadisi: Wakuu, kuna kamera ya mdomoni, ya njia ya haja kubwa, na nasikia kuna ya kumeza. Mgonjwa mwenye choo cheusi na upungufu wa damu aanze na ipi? Na mbona maandalizi hayafanani?

NesiEndo: Kwanza aulizwe kama anameza vidonge vya madini ya chuma, maana navyo huchafua choo kikawa cheusi. Ila choo cheusi kinachong'aa na kunata kama lami, chenye harufu kali, mara nyingi ni damu ya juu: umio, tumbo au duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba). Aanze na ya mdomoni. Chakula kigumu kiachwe saa 6 hadi 8 kabla, maji matupu saa 2. Akitapika akiwa amelegezwa na dawa, chakula huweza kuingia mapafuni. Akipuliziwa ganzi kooni, asile wala kunywa mpaka iishe, atapaliwa.

Kolono: Kwenye ya utumbo mpana, ile ya njia ya haja kubwa, ndiko watu wanakoharibu. Dawa ya kusafisha huwa lita 2 hadi 4 kutegemea aina: nusu jioni, nusu saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo. Wengi wakishaharisha maji usiku wanaiacha ile ya pili. Kosa kubwa! Utumbo mwembamba haulali. Hadi asubuhi umeshamwaga nyongo na ute upande wa kulia wa utumbo mpana, na vinyama bapa vilivyoota ukutani vinajificha chini yake. Choo kiwe maji ya njano yanayopitisha mwanga. Vidonge vya chuma viachwe siku 7 kabla, na vinywaji vyekundu viepukwe, hufanana na damu. Anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) au insulini asijikatie dozi mwenyewe, amuulize daktari.

NesiEndo: Ya kumeza (takriban milimita 26 kwa 11) ni ya utumbo mwembamba, hasa zile mbili zisipoonyesha kitu. Haikati kinyama wala haizuii damu, inapiga picha tu. Penye utumbo uliobana huweza kukwama, na kabla ya kuhakikisha imetoka, MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku) ni marufuku.

Mdadisi: Na akitapika damu?

Kolono: Hapo hakuna kupanga tarehe. Hospitali sasa hivi, na asile chochote njiani.